Siku Sita za Semeni Ndani ya Vipieni

Semeni binti Bushiri alipiga hodi kila mahali. Alipiga hodi kwa jirani, akapiga hodi hata kwenye banda la kuku wake mwenyewe, na kuku, kwa kuwa walilelewa vizuri, walimngoja amalize. Watu wa Salale wanaapa mpaka leo kwamba siku moja alimkuta mamba kajilaza katikati ya njia ya kwendea mtumbwini. Akasimama mbali kidogo, akasema, "Hodi, bwana mkubwa." Mamba kimya. "Hodi tena." Mamba akafumbua jicho moja. "Hodi ya tatu, na mie nina haraka." Basi mamba akaona haya, akaingia majini kinyumenyume. Asiyeamini aende Salale akaulize. Mamba mwenyewe yupo, kazeeka tu.

Kama kuingia kwake kulikuwa na adabu, kutoka kwake ndiko kulikozidi. Kwa Semeni kuaga hakukuwa kusema kwaheri ukageuza kisogo. Kuaga ni kuomba ruhusa, na mwenyeji akupe. Asipokupa, hujaondoka, hata kama umeshavaa viatu. Alikwenda harusini Mbuchi, mama wa bibi harusi akapitiwa na usingizi wa uchovu kabla hajawaruhusu wageni. Wenzake wakajitanda mabuibui wakaenda zao. Semeni akabaki. Mama yule akalala siku mbili mfululizo, na siku zote mbili Semeni aliosha masufuria ya shughuli mpaka yakawa mepesi, hata yule mama akaamka, akapiga miayo, akasema, "Haya mwanangu, ruhusa." Ndipo akapanda mtumbwi.

Alikuwa na kazi nzuri zamani. Alipiga taipu kwenye ushirika pale Kibiti, mashine ya chuma nzito kama mbuzi mwenye mimba, na alizipiga zile herufi kwa nguvu za mtu anayetwanga mpunga. Kisha serikali ikafungua milango ya biashara, kila mwenye gari na mizani akawa mnunuzi, na ushirika ukafa hata bila kuugua. Ijumaa ulikuwepo, Jumatatu popo walikuwa wamehamia stoo. Semeni akatoka kwenye taipu akaingia kwenye barafu.

Barafu yenyewe ilikuwa ya kampuni ya kamba, wale kamba wa delta wenye masharubu marefu kuliko ya karani wa mahakama. Walitoka Salale na Mbuchi kwa mtumbwi, wakafika kituo cha Kibiti, na pale wanawake waliwachambua wakubwa kwa wadogo, wamesimama ndani ya maji ya barafu tangu asubuhi hadi alasiri. Semeni alisimama miaka kumi na miwili. Miguu yake ilipoa kiasi kwamba akirudi nyumbani na kujinyoosha, watoto waliweka machungwa pembeni mwa nyayo zake yapate ubaridi. Duniani hakutaka dhahabu wala nyumba ya bati. Alitaka kiti. Kiti kikavu, cha kazi, chake.

Mwaka 2005 kiti kikaja.

Wanunuzi wa Ulaya walikuwa wamesema hawali kamba asiyepimwa, na kampuni ikajenga kituo cha upimaji Dar. Kila mzigo ulitoa sampuli kwenye kidebe cha barafu, kidebe kikapanda basi la alfajiri, na mzigo wenyewe ukangoja Kibiti mpaka karatasi irudi imeandikwa SAFI. Karatasi ilirudi kwa mkono wa mtu, siku mbili, na siku tatu kama huyo mtu alikuwa na shangazi Mchukwi. Kamba hana subira hiyo. Mizigo ilikuwa ikioza, ikazikwa shimoni na chokaa, na harufu yake iliwafanya kunguru wa Kibiti wahame.

Ndipo akatokea Abdulrazaq, fundi wa kompyuta kutoka Dar, kijana mwenye shati la mifuko minane. Akapandisha dishi juu ya bati, akashusha kompyuta na printa, akazifunga kwenye jenereta ya mtambo wa barafu, ile isiyozimwa usiku wala mchana. Mbele ya meza akaweka kiti. Kina magurudumu.

"Nani hapa anajua kupiga taipu?" akauliza Sadallah, meneja wa kituo.

"Semeni!" akapiga kelele Sijaona, somo yake Semeni, ambaye kazi yake ilikuwa kupakua barafu kwa koleo. "Huyo akipiga taipu, Mbuchi wanafunga madirisha!"

Sadallah akamtazama Semeni, akaitazama miguu yake ndani ya mabuti yenye maji. "Sawa. Mwezi mmoja wa majaribio, dada Semeni. Mzigo wa Kibiti ukioza mara moja tu kwa kungoja majibu, unarudi barafuni. Ukivunja masharti ya fundi, unarudi barafuni."

"Nimesikia, bwana meneja," akasema Semeni, na macho hayakutoka kwenye yale magurudumu.

Abdulrazaq akamweka kando amfundishe. "Mama, kituo cha upimaji kiko Dar. Ndani kuna kompyuta yenye majibu yote. Haifunguliwi na mpita njia. Wewe utaingia ukiwa hapahapa Kibiti, kwa njia inaitwa vipieni."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Njia ya faragha. Mtandao ni barabara kuu, kila mtu anapita, na wezi wamo. Vipieni ni ujia uliofunikwa, humohumo barabarani. Unapita peke yako, hakuna anayeona umebeba nini, unatokea ndani kabisa."

Semeni akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, si useme mlango wa uani! Wanaume wamekaa barazani wanahesabu nani kapita, sie tunazunguka nyuma, huyoo, tumetokea jikoni kwa mwenyewe."

Abdulrazaq, aliyesoma miaka mitatu ili aelewe jambo lile, akaduwaa. "Basi... ndiyo hivyohivyo, mama."

"Na mlango una kitasa."

"Una neno la siri. Usimwambie mtu."

"Hata Sijaona?"

"Hasa Sijaona."

"Nimesikia!" ikatoka sauti nyuma ya rundo la barafu.

"Na ukimaliza kazi," akaendelea Abdulrazaq, "unabonyeza hapa palipoandikwa Toka. Njia inajifunga."

"Hivihivi? Bila kumwambia mtu?"

"Bila kumwambia mtu."

Semeni alikitazama kile kitufe kama anayefundishwa namna ya kuiba kuku.

Jumamosi asubuhi akakaa kwenye kiti. Akakaa, akainuka, akakaa tena, kwa kuwa ile ya kwanza ilipita haraka mno. Akaandika jina, akaandika neno la siri kwa vidole vya ushirika, printa ikaruka juu ya meza kwa kila herufi.

"Hodi," akaiambia kompyuta. Dishi likaguna juu ya bati. "Hodi." Taa ndogo ikapepesa. "Hodi ya tatu." Kioo kikawa kijani, orodha ya mizigo ikafunguka, na pembeni, kwenye kidirisha cha kuandikiana, yakajitokeza maneno: Karibu Kibiti. Mimi Nusaiba, mpimaji.

Mtu ambaye hakuuona uso wa Semeni saa ile hajaona mwezi wa Idi. "Nimekaribia, bibie," akaandika. "Hamjambo huko? Wazazi wako wazima? Kamba wetu wamefika salama?"

"Shikamoo bi Semeni," akaandika Nusaiba, mtoto wa watu. "Wazazi wazima. Kamba wenu SAFI."

Printa ikatema karatasi. Lori likaondoka kabla ya adhuhuri, jambo lisilowahi kutokea tangu kampuni ianze. Wanawake wakapiga vigelegele, Sijaona akamwaga koleo zima la barafu mgongoni mwa dereva kwa furaha.

Ilipofika alasiri, Semeni akaandika: "Bibie Nusaiba, kazi imekwisha, naomba ruhusa." Akangoja. Nusaiba alikuwa ameshavua koti jeupe, kaenda zake. Semeni akangoja tena. Akakitazama kitufe cha Toka.

"Niondoke kama paka aliyeiba samaki?" akasema.

Akaifunika kompyuta kwa kanga, akaiacha hivyohivyo ndani ya njia. Miguu yake ikaenda nyumbani, lakini kwa hesabu ya adabu mwenyewe bado alikuwa Dar. Jenereta haikuzimwa, kompyuta haikuzimwa, na Abdulrazaq, pamoja na mifuko yake minane, alikuwa amesahau kuiwekea ile njia muda wa kujifunga.

Jumapili kituo cha Dar kilifungwa, hakuna wa kumwomba ruhusa. Jumatatu asubuhi akaomba tena. Nusaiba, mkono mmoja kwenye darubini, mwingine kwenye kidebe cha kamba, akaandika: "Subiri kidogo, bi Semeni." Akasahau.

"Kaniambia nisubiri," Semeni akamweleza Sijaona. "Nikitoka sasa si nitakuwa nimemdharau?"

"Kwa hiyo sasa hivi uko wapi, somo?"

"Dar."

"Basi niletee mkate wa Dar."

Na hiyo Jumatatu, ukihesabu vizuri, ilikuwa siku ya tatu. Hakuna aliyezaliwa pwani asiyejua mgeni siku ya tatu anapewa nini. Jembe! Semeni hakungoja kupewa. Akatazama huku na huko mle ndani ya kituo cha watu, akaona orodha ya mizigo inayongoja kupimwa imekaa ovyo kama vyombo baada ya hitima. Kamba wadogo wa matopeni, ambao hawamalizi siku ya pili, walikuwa chini kabisa. Kamba wakubwa wa maji ya chumvi, wenye kuvumilia kama mabalozi, walikuwa juu. Akajaribu kusogeza mstari mmoja. Ukakubali kusogea. Akasogeza wa pili. Mpaka alasiri orodha nzima ilikuwa imefagiliwa: mwenye kuoza upesi mbele, mwenye kustahimili nyuma, vituo vyote vitatu vya kampuni, Kibiti na Kilwa na Mafia, bila upendeleo. Mzigo wa Kibiti aliuweka wa tano, kwa kuwa ndiyo haki yake.

Jumanne wapimaji wa Dar wakafungua kompyuta zao, wakatazamana.

"Nani kapanga hivi?"

Hakuna. Wakapima kwa mpangilio ule, na hakuna sampuli hata moja iliyoharibika. Jumatano ikawa vilevile. Mlinzi wa pale, mtu mwenye uzoefu wa majini, akasema huyu ni jini Mwislamu, mpenda usafi, na anataka heshima yake. Wakafukiza ubani juu ya seva. Moshi ukapanda, king'ora cha moto kikalia, wapimaji wote wakatimkia nje na makoti yao meupe kama kundi la yangeyange, na mmoja, inasemekana, alikimbia mpaka feri.

Lakini jini yule alikuwa na kasoro. Vipieni ya kampuni ilikuwa na nafasi mbili tu za wageni kwa wakati mmoja, na moja haikuachwa tangu Jumamosi. Kilwa na Mafia waligombania iliyobaki kama masahibu wawili na ndala moja. Wakamlalamikia Abdulrazaq. Abdulrazaq akafungua daftari la njia, nywele zikamsimama.

"Kuna mtu yumo ndani siku ya tano kwa jina la Kibiti!" akapiga kelele. "Mtu gani halali anakaa ndani siku tano? Mwizi kaiba jina la yule mama!"

Jumatano hiyohiyo, kwa haraka, akabadilisha kitasa cha vipieni nzima. Kitasa kipya kikagoma. Ukiandika neno la siri lililokosewa kinakataa, ukiandika la sawasawa kinakataa zaidi. Na katika haraka yake Abdulrazaq hakufanya jambo moja ambalo mwanamke yeyote wa Kibiti angelifanya kwanza. Alibadilisha kitasa bila kuangalia uvunguni kama aliyemo bado yumo.

Alhamisi mzigo wa Kibiti, ambao sampuli yake ilishapanda basi la alfajiri, ukafika kilo mia sita, kamba wakubwa, wazuri, wa kujivunia. Lori likanguruma uwanjani. Sadallah akapanda juu ya pipa, mahali pekee palipokuwa na mtandao wa simu, akampigia Abdulrazaq, na kituo kizima kikasikia upande mmoja wa maneno.

"Unasemaje? Haifunguki? Kwa nani? Kwa wote? Mpaka kesho? Na majibu kwa simu hamtoi, lazima yapite vipieni? Wee Abdulrazaq, kesho hawa ni mbolea!"

Akashuka kutoka kwenye pipa kama mzee wa miaka tisini. Akaja mpaka mezani.

"Dada Semeni, hakuna anayeweza kuingia. Si Kilwa, si Mafia, si sie. Mzigo ukioza... masharti unayajua. Sikuyaweka kwa ubaya."

Semeni akaishika mikono ya kiti. Sijaona alisimama na koleo lake, barafu ikimyeyukia miguuni.

Angeweza kunyamaza, akarudi barafuni na jina safi. Akisema, mzigo unapona, lakini anajishtaki mwenyewe, maana fundi alimwagiza atoke kila siku na yeye hakutoka. Akaitazama miguu yake mikavu. Akawatazama kamba.

"Bwana meneja," akasema polepole, "umesema hakuna anayeweza kuingia. Na aliyekwisha kuwamo je?"

"Aliyemo wapi?"

"Ndani. Mie sijatoka tangu Jumamosi."

Akavuta kanga. Kioo kilikuwa kijani, kimenawiri.

"Lahaula!" akasema Sadallah.

"Bibie Nusaiba," akaandika Semeni, printa ikirukaruka, "mie nipo."

"Uko wapi?" yakaja maneno.

"Humu ndani kwenu."

Nusaiba akainama akachungulia chini ya meza. Asiyeamini amuulize mwenyewe, hakatai. "Bi Semeni, vituo vyote viko nje! Umeingiaje?"

"Sijaingia leo. Niliingia Jumamosi. Niliomba ruhusa ukaniambia nisubiri kidogo, basi nasubiri."

Ukapita muda wa mtu kusoma maneno, kuyasoma tena, kuweka mikono kichwani na kucheka mpaka machozi. Kisha yakaja kwa mkupuo: "KIBITI SAFI. Chapa haraka. Na Kilwa na Mafia nakupa wewe, wasomee kwa simu waandike kwa mkono, karatasi zitafuata. Ewe mama, usibonyeze kitu! Usitoke!"

"Nitatokaje, hujaniruhusu," akaandika Semeni.

Sadallah akarudi juu ya pipa. Semeni akisoma majibu kwenye kioo, Sijaona akiyapokea mlangoni, Sadallah akiyapaza simuni: "Kilwa, mzigo wa kwanza SAFI! Wa pili SAFI! Mafia, mnanisikia? SAFI!" Wapita njia walidhani kuna mnada wa sabuni. Lori la Kibiti likaondoka linatifua vumbi, na wanawake wakalisindikiza wanacheza mpaka barabara ya lami. Alasiri Nusaiba akaandika, "Ruhusa, bi Semeni," ndipo Semeni akabonyeza Toka.

Ijumaa baada ya sala Abdulrazaq akashuka kutoka Dar na barua mkononi, uso umekunjamana. Akasimama mbele ya kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za huko? Nimetoka jana tu."

"Mama, umekaa ndani ya kituo cha kampuni siku sita."

"Na sikuvunja hata kikombe."

"Nilikwambia ubonyeze Toka!"

"Uliniambia. Hukuniambia mwenyeji nimuage vipi."

"Ukapanga orodha ya watu!"

"Siku ya tatu, Abdulrazaq. Ulitaka nikae mikono mapajani, waseme Wakibiti hatukufundwa?"

"Wamefukiza ubani juu ya seva, mama! Seva ya watu inanuka kama maulidi!"

Sijaona akaanguka juu ya barafu kwa kicheko, ikabidi wamwinue wawili.

Abdulrazaq akafungua barua. Ilikuwa barua ya kumrudisha Semeni barafuni kwa kuvunja masharti, aliiandika mwenyewe Jumatano kabla ya kitasa kugoma, akiamini mama kaacha neno la siri likaibwa. Chini yake palikuwa na karatasi ya pili, ya Nusaiba, na hiyo alikuwa ameambiwa aisome kwa sauti. Akaisoma. Ilisema kwamba wiki hii, vituo vitatu, hakuna mzigo uliozikwa, na ni mara ya kwanza. Ilisema wapimaji wanataka orodha ipangwe vile kila siku na aliyeipanga, awe jini au bi Semeni. Ilisema pia kwamba yeye Nusaiba ndiye mwenye kosa, kwa kuwa mgeni aliomba ruhusa mara mbili akanyimwa.

Sadallah akakohoa. "Sasa fundi, na kiti?"

Abdulrazaq akaikunja ile barua ya kwanza mara mbili, mara nne, mara nane, akaitia kwenye mmoja wa mifuko yake, na haikuonekana tena. "Kuanzia kesho," akasema, "kila alasiri mpimaji wa Dar ataandika ruhusa kwa kila kituo, ndipo kituo kitoke. Kibiti, Kilwa, Mafia, wote. Nitaiweka kwenye masharti."

"Na mwezi wa majaribio?"

"Mwezi gani tena? Kwa saa alizokaa ndani huyu, mwezi umekwisha. Kiti ni chake. Ila kibodi lazima ibadilishwe, herufi A imeingia mpaka mezani."

Vigelegele vikapanda mpaka dishi likayumba. Semeni aliegemea nyuma taratibu, akajaribu magurudumu, hatua moja mbele, hatua moja nyuma, akanyoosha miguu yake yote miwili mikavu mbele ya watu.

"Vizuri," akasema. "Sasa Abdulrazaq mwanangu, vuta kitu ukae, maana maneno ni marefu. Huku kukavu kuna joto. Tuzungumze habari ya feni."